Wadakaji 7 Bora wa Enzi ya Nick Saban, na Mbona Namba Moja Haina Mjadala

Wasee, leo si Arsenal, si Gor, si Ingwe. Leo tunaenda Tuscaloosa, jimbo la Alabama huko Marekani, kwa ule mpira wao wa kubebwa na mikono. Najua nusu yenu mshaanza kuguna. Vumilieni kidogo. Ukimaliza kusoma hii utakuwa na majina saba ya kutafuta YouTube usiku usingizi ukikataa, na utanishukuru.

Hoja yangu ni hii. Nick Saban alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama kuanzia 2007 hadi alipostaafu Januari 2024. Misimu 17, mataji 6 ya taifa: 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Watu wakimtaja huwa wanaongea juu ya difensi yake, na ile sura yake ya mwalimu wa zamu ambaye hajawahi kucheka tangu shule ifunguliwe. Lakini ukifuatilia vizuri, enzi yake iligeuzwa na wadakaji. Kati ya 2011 na 2022, wadakaji 8 waliotoka kwake walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL. Wanane, kutoka chuo kimoja, chini ya mzee mmoja. Hiyo si bahati.

Kwa wale hawajui hii gemu, nitafupisha. Ni watu 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusonga yadi 10, na yadi moja ni kama mita moja tu ikipungukiwa na kitu kidogo. Ukifikisha hizo 10 unapewa nafasi zingine nne, hivyo hivyo hadi ufike mwisho wa uwanja. Ukifika, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Yule anayerusha mpira anaitwa kwotabeki. Yule anayekimbia mbio akiwa amefuatwa na jamaa wawili wanaotaka kumvunja mbavu, halafu anaugeukia mpira hewani na kuunyaka, huyo ndiye mdakaji. Kwa hivyo mkisikia nasema mdakaji, msifikirie golikipa. Huyu kazi yake ni kufunga.

Na msiniambie haituhusu. Daniel Adongo, msee wa raga kutoka hapa Nairobi, alichukuliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013 na akacheza NFL. Tena ile aina ya hii gemu ya kunyang'anyana kitambaa badala ya kuangushana itakuwa kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Inakuja tu.

SHERIA ZANGU

Moja, nahesabu tu kile mtu alifanya akiwa Alabama. Mambo ya NFL yakae kando. Kuna watu walienda huko wakang'aa zaidi, na wengine wakapotea, lakini hiyo ni orodha nyingine.

Mbili, mechi kubwa zina uzito. Kudaka mara kumi dhidi ya timu dhaifu ni kama kupata A kwa CAT ambayo mwalimu alikuwa ameachilia maswali.

Tatu, nauliza: bila huyu mtu, timu ingekuwaje? Kama jibu ni "ingeshinda tu", jina linashuka.

WALIOBAKI NJE

John Metchie III ameniuma kumwacha. Huyu alizaliwa Taiwan, baba yake Mnigeria, mama yake Mtaiwani, akaishi Ghana akiwa mdogo kabla ya kukulia Kanada. Mwaka wa 2021 alidaka mara 96 kwa yadi 1,142, halafu goti likakatika kwa fainali ya ligi yao ya SEC. Miezi michache baadaye, akiwa ameshachukuliwa na Houston Texans, akapatikana na saratani ya damu. Alitibiwa na akarudi kucheza 2023. Kama orodha ingekuwa ya roho ngumu, huyu angekuwa juu. Kwa Alabama alikuwa mzuri sana, lakini kila mara kulikuwa na mtu mmoja mbele yake.

Henry Ruggs III naye alikuwa na mbio za ajabu. Alidaka mara 98 pekee kwa miaka mitatu, na 24 kati ya hizo zikawa tachidauni. Karibu moja kwa kila nne. Lakini siwezi nikaandika juu ya mbio za Ruggs kwa furaha. Mwaka wa 2021, akiwa NFL, aliendesha gari kwa kasi akiwa amelewa huko Las Vegas, akagonga gari lingine na mtu akafa. Mwaka wa 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 hadi 10. Namba zake ndizo zimemweka nje ya orodha, si kesi. Ila ni haki kulisema, kwa sababu kuna familia upande wa pili ambayo haijali alikimbia yadi 40 kwa sekunde ngapi.

Haya, tuanze.

7. CALVIN RIDLEY (2015–2017)

Ridley aliingia mwaka wa 2015 na mzigo mkubwa. Aliyetoka kwa ile nafasi alikuwa ameacha rekodi kila mahali, na kila mtu alikuwa anauliza nani atajaza kile kiatu. Kijana wa mwaka wa kwanza akadaka mara 89 kwa yadi 1,045. Alabama wakachukua taji.

Shida ya Ridley ni kwamba miaka iliyofuata timu ilikuwa inapenda kukimbia na mpira kuliko kuurusha. Mpira ulikuwa unamfikia kwa kijiko. Mtu mwingine angenuna. Lakini kwa fainali ya Januari 2018 dhidi ya Georgia, Alabama wakiwa nyuma, dakika zimebaki chini ya nne, nafasi ya nne na ya mwisho, mpira ukarushwa kwake. Akadaka. 20 kwa 20. Kila mtu anakumbuka jinsi hiyo mechi iliisha, na tutafika hapo, lakini bila Ridley haingefika muda wa ziada. Hiyo ndiyo maisha ya namba saba: unaokoa boma halafu picha inapigwa mwingine.

6. JAMESON WILLIAMS (2021)

Msimu mmoja tu. Wengine watasema msimu mmoja hautoshi, na ndiyo maana ako hapa na si juu zaidi.

Williams alikuwa Ohio State kwanza. Huko kulikuwa na foleni: Garrett Wilson, Chris Olave, halafu dogo mwingine anaitwa Jaxon Smith-Njigba akapita mbele yake. Angekaa pale akisema "yangu inakuja". Badala yake akabeba begi, akahamia Alabama, na msimu wake wa kwanza akadaka mara 79 kwa yadi 1,572 na tachidauni 15. Mara mbili alichukua mpira wa kuanzia na kuurudisha hadi tachidauni. Na bado alikuwa anajitolea kukimbia kuangusha wale wanaopokea mipira ya teke, kazi ambayo mastaa hawataki hata kuisikia.

Halafu fainali ya Januari 2022 dhidi ya Georgia, goti likaenda. Alabama walipoteza 33 kwa 18. Metchie alikuwa nje tayari. Ukitaka kujua mdakaji anabeba nini kwa timu, tazama hiyo nusu ya pili bila hao wawili.

5. JAYLEN WADDLE (2018–2020)

Maze, huyu. Mfupi, mwepisi, na akishika mpira unaona watu wazima wanaanguka peke yao kama wamekanyaga maganda ya ndizi.

Msimu wa 2020, mechi nne za kwanza: yadi 134, 142, 120, 161. Alikuwa njiani kuandika kitu kikubwa. Mechi ya tano, dhidi ya Tennessee, mpira wa kwanza kabisa wa mechi, akavunjika kifundo cha mguu. Kila mtu akajua msimu umeisha.

Januari, fainali dhidi ya Ohio State, Waddle akatokea uwanjani. Akichechemea. Alidaka mara 3 kwa yadi 34, na kila baada ya kukimbia ungeona uso wake unakunjika. Sikatai kwamba kuna swali kubwa hapo la afya na nani anamruhusu kijana wa miaka 22 kucheza hivyo. Lakini pia kuna kitu nakielewa. Difensi ya Ohio State haingeweza kujua kama mguu umepona au la. Walilazimika kumchunga. Na wakati walikuwa wanamchunga yeye, mtu mwingine alikuwa anawamaliza. Ndio maana namweka hapa ingawa namba zake hazijai mkono.

4. JERRY JEUDY (2017–2019)

Kama ungepewa kufundisha watoto jinsi ya kumwacha mtu amesimama, ungewaonyesha Jeudy. Anakimbia kwenda kulia, mwili wote unasema kulia, halafu anakata kushoto na yule anayemchunga anabaki anaangalia barabara kama amekosa matatu ya mwisho.

2018 alipewa tuzo ya Biletnikoff, ile ya mdakaji bora wa vyuo vyote Marekani. Mara 68, yadi 1,315, tachidauni 14. Mwaka uliofuata akapiga zaidi ya yadi elfu tena. Na kumbukeni 2019 alikuwa anagawana mpira na Ruggs, Smith na Waddle. Watu wanne kwa timu moja, na wote wanne wakaja kuchaguliwa raundi ya kwanza. Ni kama sufuria moja ya pilau na wanaume wanne wenye njaa, na bado kila mtu akashiba.

Kitu kilichonifanya nimweke juu ya Waddle ni mechi yake ya mwisho, Januari 1, 2020, dhidi ya Michigan. Haikuwa ya ubingwa. Wachezaji wengi walio na drafti mbele yao huwa wanakataa kucheza hizo mechi, na sina neno nao, mwili ni wao. Jeudy alicheza. Mpira wake wa kwanza ulikuwa yadi 85 moja kwa moja hadi mwisho. Akamaliza na yadi 204 na tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

NISIMAME HAPA KIDOGO

Kabla ya tatu bora, kuna jambo lazima nilitoe kifuani, kwa sababu ndilo linalonifanya nirudi kwa hii timu kila mara.

Hawa wote nimewataja walikuwa wanafunzi. Kwa karatasi. Uwanja wao, Bryant-Denny, unabeba watu laki moja. Kasarani ijae hadi watu wakae kwa ngazi, haifiki hapo. Saban aliposajiliwa 2007 mkataba wake ulikuwa dola milioni 32 kwa miaka minane, na mwishoni alikuwa anapata zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Wachezaji? Karo, chakula, chumba. Hadi Julai 2021 hawakuruhusiwa kuuza hata jina lao wenyewe. Julio Jones, Cooper, Jeudy, Waddle, Smith, hao wote walicheza enzi ya "asante kijana, endelea hivyo".

Na NFL haikuchukui hadi miaka mitatu ipite tangu umalize shule ya upili. Kwa hivyo kila mmoja, akifika mwaka wa tatu, anakaa chini na swali moja: nibaki au niende? Wengi wanaenda bila digrii. Na unajua wanaitwaje? Wanaitwa "wamejitangaza kwa drafti". Kuna kofia, kuna mama analia kwa furaha, kuna runinga.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Kozi ya takwimu, kama mlikuwa mnajiuliza mbona napenda namba hivi. Karo ilikuwa imebaki deni, matokeo yakazuiwa hadi nilipe, na kazi ya video ilikuwa imeanza kuleta pesa ya kula. Nikaenda. Hakuna mtu alivaa kofia. Nyumbani kwetu mambo yangu yanasemwa kwa sauti ya chini, kama mtu ana ugonjwa. Shangazi akinitambulisha anasema "huyu bado anajipanga". Tendo ni lile lile, kutoka kabla ya kumaliza. Tofauti ni kama kuna hundi inakungoja mlangoni au la.

Sasa ndugu yangu mdogo ako Form Four. Juzi ameniuliza, wazi kabisa: "Bro, kuna haja niende chuo ama nije tufanye hii kazi na wewe?" Na mama yangu anajua ameniuliza. Anangoja kusikia nitasema nini. Hajaniuliza mimi, lakini siku hizi akinipigia simu anamalizia na, "Na huyo ndugu yako anakusikiliza sana, unajua." Hiyo ni sentensi nzito kuliko inavyoonekana.

Tuendelee. Jibu langu liko kwa hawa watatu.

3. JULIO JONES (2008–2010)

Bila Julio hakuna kitu cha kupanga hapa.

Watu wanasahau Saban alianza vipi. Msimu wake wa kwanza, 2007, alishinda 7 akapoteza 6. Alipoteza nyumbani kwa Louisiana-Monroe, timu ambayo hata mashabiki wake walishangaa. Halafu akaingia nyumba ya mama wa kijana kutoka Foley, mji mdogo kusini mwa Alabama karibu na bahari, kijana ambaye kila chuo kilimtaka. Julio akakubali. Alipokubali yeye, wengine wakaona kumbe hii kitu ni serious, na darasa la 2008 likawa msingi wa kila kilichofuata. Msimu huo huo Alabama walishinda mechi zote 12 za kawaida. Mwaka uliofuata, 2009, mechi 14 kwa 14 na taji.

Namba zake: mara 179, yadi 2,653 kwa miaka mitatu. Hizo si kubwa ukilinganisha na wale wawili wa juu. Lakini alicheza kwa timu iliyokuwa inarusha mpira kama mtu anayetoa sadaka. Kazi yake nyingi ilikuwa kusukuma watu ili Mark Ingram apite, na Ingram akashinda Heisman ya 2009, ya kwanza kabisa kwa historia ya Alabama. Kila mara Ingram alitoka mbio pembeni, ukitazama vizuri utaona Julio amemlaza mtu chini.

Mwaka wa 2010 alivunjika mkono. Wakamfanyia upasuaji, akaendelea kucheza, na mwezi huo huo akadaka mara 12 kwa yadi 221 dhidi ya Tennessee. Na mkono huo. Kisha akaondoka baada ya miaka mitatu, akachaguliwa namba 6 na Atlanta Falcons.

Julio aliondoka akiwa amejenga. Alikuta timu imelala, akaiacha na taji. Mtu kama huyo akisema anaenda, unamfungulia mlango.

2. AMARI COOPER (2012–2014)

Hapa ndipo nitapoteza marafiki, kwa sababu najua kuna wasee ambao kwao Cooper ni namba moja na hawataki kusikia kingine.

Nawaelewa. 2014 ilikuwa wazimu. Mara 124, yadi 1,727, tachidauni 16. Biletnikoff, na nafasi ya tatu kwa Heisman. Na kwotabeki wake alikuwa Blake Sims, jamaa ambaye alikuwa amengoja benchi miaka yote na kabla ya msimu hakuna aliyejua kama anaweza. Lane Kiffin, aliyekuwa akipanga mashambulizi, alikuwa na mpango rahisi sana: mtafute Cooper alipo, mrushie. Kila difensi ilijua. Hakuna iliyoweza.

Mechi ya Iron Bowl ya mwaka huo, dabi yao na Auburn, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua Gor na Ingwe, halafu ondoa kila kitu kingine cha kufanya wikendi kwa jimbo zima. Hiyo ndiyo Iron Bowl. Mwaka uliotangulia Auburn walikuwa wamewashinda kwa ule mpira uliorudishwa uwanja mzima sekunde ya mwisho. Kwa hivyo kulikuwa na kidonda. Cooper akadaka mara 13 kwa yadi 224, tachidauni 3. Alabama 55, Auburn 44.

Na si 2014 pekee. Akiwa mwaka wa kwanza, kwa fainali ya SEC ya 2012, Alabama wako nyuma ya Georgia, AJ McCarron akamrushia mpira wa yadi 45 pembeni kushoto. Dogo akaushika, mechi ikageuka, 32 kwa 28, na njia ya taji ikafunguka. Jumla ya miaka mitatu: mara 228, yadi 3,463, tachidauni 31.

Hakuwa mtu wa maneno. Hakuwa na madoido. Alikuja kazini, akafanya kazi, akaenda. Alichaguliwa namba 4 na Oakland Raiders, juu kuliko mdakaji yeyote mwingine wa enzi hii.

Cooper aliondoka akiwa amemaliza. Ungemuuliza angebaki kufanya nini, angekosa jibu, na mimi pia.

1. DEVONTA SMITH (2017–2020)

Haina mjadala. Nitaeleza mbona.

Fainali ya Januari 2018. Ile ambayo Ridley alisawazisha. Muda wa ziada, Georgia wamefunga pointi 3, wako mbele 23 kwa 20. Alabama wanapata mpira, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumwachilia Tua Tagovailoa, kwotabeki wa mwaka wa kwanza, aangushwe nyuma yadi 16. Sasa ni nafasi ya pili na wanahitaji yadi 26. Hapo wengi wangesalimu amri. Tua akarusha yadi 41 upande wa kushoto, na chini ya mpira alikuwa kijana mwembamba kutoka Amite, Louisiana, ambaye msimu huo wote, pamoja na huo mpira, alidaka mara 8 tu. Nane. Tachidauni. 26 kwa 23. Taji.

Ukifunga goli kama hilo ukiwa na miaka 19, unaweza kuishi kwa hilo maisha yako yote. Unaenda kwa harusi unasimuliwa. Lakini Smith aliporudi, bado alikuwa nyuma ya Jeudy na Ruggs. Akangoja. 2019 nafasi ikaanza kupatikana: kwa mechi moja dhidi ya Ole Miss alipiga yadi 274 na tachidauni 5. Akamaliza msimu na yadi 1,256, zaidi ya Jeudy mwenyewe.

Mwaka wa tatu umefika. Jeudy na Ruggs wakaenda, namba 15 na namba 12. Smith angeenda nao. Akasema anabaki, acheze mwaka wa nne na amalize digrii yake. Baadaye dunia ikafunga milango kwa sababu ya korona, hakuna hata mtu alikuwa na uhakika kama kutakuwa na msimu. Watu walimwona fala. Mtu ana kilo chini ya 80 kwa gemu ya majitu, mguu mmoja tu ukivunjika pesa yote imeenda.

Halafu Waddle akaumia, ile mechi ya Tennessee, na kila difensi ikawa na mtu mmoja tu wa kuchunga. Matokeo: mara 117, yadi 1,856, tachidauni 23. Alabama 13 kwa 13. Akashinda Heisman, mdakaji wa kwanza tangu Desmond Howard mwaka wa 1991. Miaka 29 hiyo tuzo ilikuwa inapita wadakaji kama matatu imejaa. Na kwa fainali dhidi ya Ohio State, kwa nusu ya kwanza pekee, alidaka mara 12, yadi 215, tachidauni 3. Kisha akaumia kidole na akaenda kukaa. Hakuhitajika tena. 52 kwa 24.

Jumla yake, yadi 3,965 na tachidauni 46, zilikuwa rekodi za SEC nzima. Cooper alikuwa na msimu mmoja ambao karibu umfikie. Lakini Cooper hana "pili na 26". Cooper hana nusu ya fainali kama ile. Kwa sheria zangu tatu, Smith anashinda namba, anashinda mechi kubwa, na bila yeye mataji mawili yanatetereka. Basi.

KWA HIVYO NIMWAMBIE NINI

Mama angependa nimtumie ndugu yangu hadithi ya Smith na niishie hapo. Unaona, alingoja, alimaliza, akashinda. Ni hadithi tamu na ni ya kweli. Lakini si yote.

Kwa sababu Smith alibaki mahali palipokuwa panamlisha, karo imelipwa, na kila siku mazoezini alikuwa anakuwa bora. Jameson alikuwa mahali pazuri pia, na alipoona mlango umefungwa akahama, na hakuna anayemwita mtoro. Julio na Cooper walienda mapema na hawakuangalia nyuma. Ukichukua mmoja umfanye mahubiri, unadanganya.

Kitu ninachokiona kwa wote ni kwamba hakuna aliyekaa tu. Smith akiwa anangoja hakuwa anapoteza wakati, alikuwa anajifunza kwa watu wawili bora kuliko yeye. Kungoja kwa aina hiyo ni kazi.

Kwa hivyo nilimjibu ndugu yangu hivi, kwa WhatsApp, sauti ya dakika nne. Nilimwambia chuo aende, na niliweka wazi kwamba mimi nitachangia karo ya muhula wa kwanza, ili isiwe maneno matupu. Nikamwambia akifika huko, kila mwisho wa muhula ajiulize kama kuna kitu anaweza kufanya sasa ambacho hakuweza mwanzoni. Kama kipo, akae, hata kama marafiki zake wameshaanza kuomoka. Kama hakipo mihula miwili mfululizo, anipigie, tutakaa chini tupange kama watu wazima, na hakuna mtu atamsema kwa sauti ya chini. Si mbele yangu.

Amenijibu na emoji moja, ya mpira. Ule wa mviringo wa kawaida, kwa sababu bado hajanielewa.

Haya. Orodha ndiyo hiyo. Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia Waddle angekuwa namba tatu kama si ule mguu. Leta namba, tukutane.